Nakaa hapa mwaka wa sita, sheha anasema hanijui. Nifanyeje?

fundi_wa_friji

Asalaam alaykum jamaani. Nna suali, naomba mwenye kuijua sheria anijibu, na asokuwa mwanasheria lakini yashamkuta nae anambie alifanyaje.

Mie mzaliwa wa Pemba, Wete, nimekuja Unguja kutafuta maisha, natengeneza mafriji na AC. Nimepanga chumba na ukumbi hapa Mjini Magharibi mwaka wa sita huu, sijahama hata siku moja, watoto wangu wawili wamezaliwa hapa na mkubwa yuko skuli ya hapa hapa. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ninacho. Kwenye daftari la wapiga kura nilikuwa nimeandikishwa kwetu Wete, kwa hiyo nilichotaka ni kuhamisha taarifa zangu tu nipige kura ninapokaa.

Basi nimefika kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ni skuli, foleni ishazunguka mpaka nyuma ya vyoo. Zamu yangu imefika saa tano. Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kakaa kwenye dawati la wanafunzi pembeni ya makarani, ana kaunta buku limevalishwa gazeti, ndo daftari lake la wakaazi. Nikatoa kitambulisho, akakitizama upande mmoja tu, akafungua buku, akapitisha biro kwenye ukurasa wa nyumba yetu, na jina lililoandikwa pale ni la mwenye nyumba peke yake, sie wapangaji hatumo. Akalifunga. "Huyu simjui." Hata hakunambia mie, kamwambia karani, na karani akanambia nipishe wengine.

Sasa linaloniuma ni hili. Mke wangu alikuwa foleni ya wanawake, yeye kaandikishwa. Anapika maandazi asubuhi na nyumbani kwa sheha wananunua kila siku, kwa hiyo anajulikana. Chumba kimoja, kitanda kimoja, tumeingia siku moja, yeye mkaazi mie si mkaazi. Nimepiga simu nyumbani Wete nikaambiwa sheha wa kule nae kashasema mie nimehama. Haya mie ni mkaazi wa wapi?

bint_makame

Pole sana kaka yangu. Kwanza usikubali kuondoka na maneno ya mdomo, rudi uombe ukataliwe kwa maandishi, waeleze sababu na ofisa atie saini. Sheha si Tume ya Uchaguzi. Pale yuko kusaidia kumtambua mkaazi, wa kukuandikisha au kukukataa ni ofisa wa uandikishaji, na yeye ndo mwenye kuulizwa. Watu wengi wanaondoka kwa sababu sheha kasema hapana wanadhani ndo basi, kumbe hawajakataliwa na mwenye mamlaka.

Pili, sharti la jimbo ni ukaazi wa miezi 36 mfululizo. Wewe umekaa miaka mitano imepita, uko juu ya sharti. Tafuta mkataba wa nyumba, kadi za kliniki za watoto, karatasi za skuli, chochote chenye tarehe. Mwenye nyumba aje mwenyewe, asitume barua. Ukikataliwa tena kuna njia ya malalamiko na mwisho wake ni mahakamani, lakini siku zinahesabiwa, usilale.

Na ikishindikana kabisa kuna daftari la tume ya Muungano kwa watu waliopo Zanzibar ambao hawajatimiza sharti la ukaazi, utapata angalau kura ya Rais wa Muungano.

fundi_wa_friji

Ahsante dada. Mkataba ninao wa mwaka wa kwanza na wa pili, baada ya hapo tukawa tunaaminiana tu na mwenye nyumba, namlipa mkononi.

Hilo la daftari la Muungano nimelisikia lakini halinifariji. Yaani nnafaa kumchagua Rais wa Tanzania nzima ila sifai kumchagua diwani wa huu mtaro unaofurika mlangoni kwangu kila masika? Maji yanaingia ndani mie ndo nayachota na ndoo usiku, sheha anapita pale asubuhi anayaruka.

mtu_wa_shamba

Mie nitasema ingawa najua wengine mtanikasirikia. Huyu ndugu kaonewa, sibishi. Lakini msije mkaiharibu sheria nzima kwa ajili ya sheha mmoja. Sharti la ukaazi lina maana yake.

Jimbo letu ni dogo, tunajuana kwa mababu. Kuna mwaka tumeamka asubuhi ya kuandikishwa tumekuta vijana wamejaa kwenye foleni hatujapata kuwaona, wameletwa na gari mbili. Ukimuuliza kijana msikiti wa Ijumaa wa hapa uko wapi anatizama chini. Kisima kiko wapi, hajui. Ndo mamluki hao. Wewe umelima hapo, umezika wazee wako hapo, halafu mtu aloshuka kwenye gari jana anakuja kukuchagulia mwakilishi wako.

Na hapa Zanzibar kura za Rais zishawahi kupishana kidogo tu, mkumbuke hilo. 1995 Salmin alipata 165,271, Maalim Seif 163,706, tofauti kura 1,565. Chukua gari ya abiria 25, gari 63 zinatosha kuijaza tofauti ile. 2010 Shein na Maalim Seif walipishana kura 3,471. Sasa mkifungua mlango kila mtu aandikishwe anapotaka, uchaguzi utaamuliwa na mwenye magari mengi.

fundi_wa_friji

Kaka nakufahamu, na mie mamluki siwataki. Lakini hebu tizama, hao ulowaona nyie walikuja mchana kweupe, na sheha wenu alikuwepo. Waliandikishwa au hawakuandikishwa?

mtu_wa_shamba

Waliandikishwa.

mzee_wa_karafuu

Wanangu, nawasoma tangu jana. Haya mambo hayakuanza na nyinyi.

Mie nilikuwa mtoto Pemba, baba akituhadithia uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake chama cha ASP walishinda kwa kura moja. Moja tu. Viti vilikuwa 22, ASP wakapata 10, na vyama vyengine, ZNP 9, ZPPP 3, na hao watatu wa ZPPP wakagawanyika, serikali haikusimama. Ikabidi Juni turudie, na ule wa Juni watu 68 walikufa kwa fujo. Ndo maana wazee wa visiwa hivi ukiwatajia kura moja hawacheki. Mtu mmoja aliyekataliwa pale Chake Chake, au mmoja aliyeingizwa asiyehusika, angeibadilisha hesabu yote. Tangu wakati ule vita vya uchaguzi wetu vinaanza kwenye daftari, siku ya kura inakuja kumalizia tu.

1995 sharti lilikuwa miaka mitano kwenye jimbo, baadae likashushwa kuwa mitatu. Watumishi wa serikali wanaohamishwa kikazi, vikosi na wanafunzi wakapewa unafuu wao, lakini mvuvi anaefuata dago, yaani kambi ya wavuvi, kibarua anaekwenda kuchuma karafuu miezi mitatu, mke alorudi kwao kujifungua, hao wote ukaazi wao unategemea nani anaesema. Sheha anaweza kusema katoka, anaweza kusema kaenda kutembea tu atarudi. Neno moja.

Halafu ikaja sheria ya kitambulisho ya 2005, na uandikishaji wa 2009 bila ya ZanID, hicho kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, huandikishwi. Sasa ZanID uipate vipi, ulete cheti cha kuzaliwa na utambuliwe na sheha. Mama zetu sie wamezaliwa majumbani, mkunga ni bibi wa jirani, cheti kitoke wapi? Pemba watu walirudishwa, zikazuka vurugu mpaka uandikishaji ukasimamishwa. Mambo yalikuja kupoa baada ya Rais Karume na Maalim Seif wa upinzani kukutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, na Julai 31 mwaka uliofata tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndio kwa serikali ya umoja. Mie nililia siku ile, mtu mzima nikalia mbele ya wajukuu. Nilidhani tumeshavuka.

Mtu wa shamba, mwanangu, nakuunga mkono mamluki ni dhulma. Lakini kumnyima mkaazi nako ni dhulma ile ile, zote mbili zinapita mlango mmoja na mlango huo anaushika mtu mmoja. Na huyo mtu hatukumchagua sie. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais ambae nae anagombea au chama chake kinagombea. Hata awe mcha Mungu vipi, umemweka pagumu.

karani_wa_zamani

Mzee kaniingiza kwenye uzi huu, nilikuwa nasoma tu nikapita. Mie niliwahi kufanya kazi ya ukarani wa uandikishaji, mwaka na kituo sitataja.

Kuna bibi mmoja alikuja, kashikiwa mkono na mjukuu. Kazi yake maisha yote kusokota kamba za makumbi. Tunamwekea kidole kwenye mashine haisomi. Tunafuta kwa kitambaa, tunaweka tena. Dole gumba, cha shahada, mkono wa pili. Vidole vimelika laini kama ndani ya kombe, hakuna mistari. Mashine inapiga kelele kila mara na yeye kila ikilia anasema "samahani mwanangu". Nilihesabu mara tisa. Wakala wa chama kimoja anasema aandikishwe hivyo hivyo, wa pili anasema haiwezekani, sheha kanyamaza na anamjua bibi yule vizuri, ni jirani yake. Mkubwa wangu akasema aje kesho. Kesho hakuja. Nimeyafanya mengi ya kujutia lakini lile linanirudia kwamba sikusimama nikasema huyu bibi haondoki hapa.

Sasa kuhusu buku la sheha. Mie nimekaa karibu nalo siku nyingi, nawaambieni buku lile hakuna anaelikagua. Linaandikwa kwa biro, ukurasa ukichakaa unanakiliwa, jina likisahaulika limesahaulika. Wapangaji hawamo kwa sababu sheha anakwenda kwa mwenye nyumba na mwenye nyumba hataki kusema ana wapangaji wangapi kisa kodi. Kwa hiyo wakati mwengine si chuki, ni uzembe, lakini kwa alokosa kura yake chuki na uzembe vina tofauti gani?

Ningekuwa na uwezo buku lile lingebandikwa ukutani mwaka mzima, kila nyumba na waliomo, kila mtu akipita analiona, alieachwa anasema niandike na asokuwepo anafutwa mbele ya watu. Mamluki nae hapo atajificha wapi, majirani si watauliza huyu nyumba namba fulani ni nani? Tunabandika orodha ya wapiga kura siku chache tu wakati watu wako makazini, na pingamizi zinawekwa na vyama, mtu wa kawaida hata hajui kama jina lake limewekewa pingamizi mpaka siku ya kura.

mtu_wa_shamba

Hilo la kubandika nakubali, na wapangaji waandikwe. Miezi 36 isiguswe lakini.

bint_makame

Mie hiyo 36 siitaki, ni mingi. Msichana akiolewa jimbo jengine anakaa miaka mitatu si wa kwao si wa kwa mumewe, na wanawake ndo wanaohama kwa ndoa. Bara mtu akihama anahamisha taarifa zake anapiga kura alipo, hasubirishwi miaka mitatu. Najua watasema Zanzibar ndogo, majimbo madogo, sawa, wekeni basi miezi sita au mwaka, lakini mitatu!

abu_salma_muscat

Salaam kutoka Muscat. Sie huku hatumo kwenye daftari lolote, Mtanzania alieko nje hapigi kura kabisa. Nimejenga nyumba kwetu, nasomesha wadogo zangu watano, kila mwezi natuma, na kila uchaguzi nakaa na simu usiku kucha nasubiri matokeo kama mtu anaesubiri habari za mgonjwa. Wewe fundi uko hapo hapo, pigania kaka, usiwaachie.

mzee_wa_karafuu

Fundi, umekwenda tena?

fundi_wa_friji

Nimekwenda leo asubuhi mzee wangu. Nimekwenda na mwenye nyumba, kafunga duka lake kwa ajili yangu Mungu amlipe, na mke wangu, na mwalimu wa skuli anaemsomesha mtoto. Nimebeba mikataba miwili, kadi za kliniki na risiti za skuli nimezipanga kwa tarehe kwenye bahasha.

Sheha hakubadilisha neno. Kasema yeye anaandika anaowajua. Nikafanya alivyosema bint makame, nikamwambia ofisa kwa adabu kabisa, naomba unikatae wewe na uniandikie sababu. Akanitizama, akatizama bahasha, akamuita mwalimu pembeni wakaongea kama dakika kumi. Akarudi akachukua picha za karatasi zangu kwa simu yake, akanambia hanikatai na haniandikishi, atauliza wilayani, nije kesho.

Bint makame, hiyo "nije kesho" nimeikumbuka ya yule bibi wa makumbi, nikamwambia sawa lakini niandikie kwamba nimefika leo. Kaniandikia, kipande cha karatasi, tarehe na saini. Uandikishaji kituo chetu unafungwa kesho kutwa. Kazini nishaomba ruhusa siku mbili zote, kesho saa kumi na mbili niko pale na bahasha yangu.

karani_wa_zamani

Kipige picha hicho kipande sasa hivi, kabla hujalala. Na kesho usiondoke mpaka wafunge.