Kompyuta na programu za ofisi ndogo ya uwakili: tuchukue zipi?

Wakili_Moshi: Wakuu, tunafungua ofisi hapa Moshi, mawakili wawili na karani. Nimeletewa bei za aina mbili: kompyuta tatu za mezani, mtumba wa Dubai, zina Windows 10 na bei yake ni ya chini sana, au kompyuta mpakato mbili za ThinkPad, za mtumba, kwa mawakili na moja ya mezani kwa karani. Upande wa programu, nilipie Microsoft 365 kila mwaka au LibreOffice ya bure inatosha?

FundiKkoo: Hizo za kwanza achana nazo mkuu. Masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji akikwambia "hii ni i5", mwombe namba kamili ya prosesa. i5-8250U inapita, i5-6300U haipiti. RAM isipungue GB 8, diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Ukienda kukagua mpakato, chomoa chaja uitumie hivyo hivyo uone betri inavyoshuka. Ya karani inunuliwe pamoja na UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Karani_Mkongwe: Mbona skana hamjaitaja? Mashauri siku hizi tunasajili mtandaoni, hati zinapandishwa kama PDF. Kiapo kinasainiwa na mwapaji, kinagongwa muhuri wa kamishna wa viapo, halafu ndiyo kinaskaniwa. Sasa ukiwa na viambatisho vya kurasa mia na skana ya kioo, unafunua mfuniko na kugeuza karatasi mpaka jioni. Tafuta yenye trei juu, inayovuta karatasi yenyewe na kusoma pande zote mbili. Weka ukali wa dpi 300, nyeusi na nyeupe. Rangi inafanya faili kuwa zito bure. Kupiga picha kwa simu sikushauri kabisa, muhuri unaangukiwa na kivuli na maandishi yake hayasomeki. Kama hela ni ya kubana, bora upunguze kwenye kompyuta kuliko kwenye skana.

Wakili_Ilala: Wakili msomi, LibreOffice kwa hati za mahakamani haina shida, unaandika na kutoa PDF humo humo. Inasumbua kwenye mikataba. Benki inakutumia rasimu ya Word yenye masahihisho ya pande mbili, ukiifungua namba za vifungu zinahama, 4.2(b) inageuka kitu kingine. Kwa hiyo anayeshika mikataba alipiwe Microsoft 365, karani atumie ya bure. Word ya wizi isiingie ofisini.

Windows yenyewe iwe toleo la Pro, kwa ajili ya BitLocker, inayofunga diski nzima kwa ufunguo wa siri. Mwizi akichomoa diski, nywila ya kuingilia haimzuii kusoma mafaili ya wateja. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inatubana na sisi. Ufunguo wa dharura wa BitLocker uchapwe na kufungiwa kwenye kabati la chuma.

Wakili_Moshi: Nashukuru sana. Basi ThinkPad, na ya karani tuitafutie kizazi cha 8. Nakala za akiba je, diski ya nje au mtandaoni?

FundiKkoo: Zote mbili. Ila diski ya nje ichomolewe kila ukimaliza kunakili. Kuna virusi vinafunga mafaili na kudai fedha, vikiikuta imechomekwa vinaifunga nayo.

Karani_Mkongwe: Na kila faili lianze na namba ya shauri, kisha aina ya hati, kisha tarehe. "Kiapo kipya 2" mkipishana mezani hakuna atakayejua ni cha nani.