Kupima bwawa la topesumu kwa koni: je, thamani moja ya nguvu ya mkato inatosha?

Swali

Ndugu wahandisi, habari za kazi. Tunapima bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mgodini, kwa koni (ncha ya chuma inayosukumwa ardhini) yenye sensa ya shinikizo la maji, tukiisukuma kwa kasi ya kawaida ya sentimita 2 kwa sekunde. Mabaki ni ya silti (chembe ndogo kuliko mchanga, kubwa kuliko mfinyanzi), yamelala kwa matabaka membamba. Katika baadhi ya matabaka shinikizo la maji hupanda ghafla koni inapopita. Katika mengine halipandi, ingawa ukinzani wa ncha ni mdogo vilevile. Mwenye mradi anataka thamani moja ya nguvu ya mkato, yaani uwezo wa udongo kustahimili kuteleza, kwa bwawa zima, ikikokotolewa kana kwamba maji hayakupata nafasi ya kutoka. Je, inafaa?

Jibu la kwanza

Haifai, na kosa lake huangukia upande wa hatari. Kwa kasi hiyo, maji hayawahi kutoka kwenye mfinyanzi, na kwenye mchanga safi hutoka yote. Silti iko katikati: sehemu ya maji hutoka wakati koni inapita, chembe hukazana, ukinzani hupanda, nawe unaandika nguvu ambayo udongo hautakuwa nayo siku ukiporomoka ghafla.

Simamisha koni kwenye kila tabaka unalolitilia shaka, kisha rekodi jinsi shinikizo linavyoshuka. Kwa koni yenye eneo la sentimita 10 za mraba, likipungua kwa nusu ndani ya sekunde 30 hivi au chini yake, usilihesabu tabaka hilo kuwa halikutoa maji. Pia subiri mpaka shinikizo litulie, hasa kwenye matabaka ya mchanga. Ikiwa usawa wa maji uko kina cha mita 3 na koni iko kina cha mita 13, maji yaliyotulia yangetoa takribani kilopaskali 98. Ukisoma 50, maji yanashuka kuelekea chini, na hesabu zako zote za mkazo halisi (ule unaobebwa na chembe za udongo zenyewe) lazima zibadilike.

Jibu la pili

Kabla ya kufasiri chochote, hakikisheni chujio la koni, linalopitisha shinikizo la maji hadi kwenye sensa, limejaa gliserini au mafuta ya silikoni bila hewa. Koni ikipita kwenye tabaka kavu la juu, chujio linaweza kunyonya hewa, na hapo sensa huitikia polepole. Grafu itaonekana tulivu mahali ambapo shinikizo limepanda kweli. Toboeni kwanza tabaka hilo, mjaze shimo maji. Linganisheni pia usomaji wa sifuri kabla na baada ya kila shimo, kwa kuwa katika tope laini mkengeuko mdogo wa sensa hula sehemu kubwa ya kipimo.

Jibu la tatu

Naomba mwenye mradi akumbushwe Brumadinho, Brazili. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa lilivunjika na kuua watu 270, na jopo la wataalamu lilieleza kwamba mabaki yaliyolegea na kushiba maji yalipoteza nguvu ghafla, bila tetemeko. Wastani wa bwawa zima huficha tabaka dhaifu la aina hiyo. Toeni thamani kwa kila tabaka, na kwenye yale laini mzilinganishe na kipimo cha mabapa manne yanayozungushwa ardhini, mkiyazungusha haraka kiasi cha kuyanyima maji muda wa kutoka.