Naomba ushauri: sheria ya likizo ya kulipwa Minnesota, nina wafanyakazi 9 tu

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nina kampuni ndogo ya usafi wa maofisi hapa Minnesota, wafanyakazi 9, wengi wamama wa kwetu, na hii sheria ya likizo ya kulipwa iliyoanza Januari 1, 2026 inaninyima usingizi. Makato ni asilimia 0.88 ya mshahara, mwajiri anabeba angalau nusu, ila sisi wenye watu 30 kushuka chini tunaweza kupata unafuu kama mishahara yetu sio mikubwa, hapo nimeelewa. Kinachonichanganya ni mtu akienda kujifungua, akijumlisha na wiki za kulea mtoto mchanga inaweza kufika wiki 20 kwa mwaka, hela analipwa na mfuko wa jimbo sawa, lakini nafasi yake lazima nimtunzie kama alishafikisha siku 90 kazini, sasa yale majengo yake nani atayashika? Nimfundishe kila mtu majengo mawili mapema au nichukue kibarua?

Halafu ile sheria nyingine ya 2024 ya likizo ya ugonjwa, saa 1 ya kulipwa kwa kila saa 30 za kazi, bado ipo palepale. Mnaziandikaje zote mbili kwenye slipu ya mshahara zisigongane? Mie natumia daftari na Excel tu.

Dada mmoja ana mimba ya miezi 6, mchapakazi kweli, sitaki kabisa nimkosee haki yake. Mlioshapitia mlianzia wapi, na mhasibu anawachaji kiasi gani?