Ngozi kavu na mba kwa mbwa mdogo: mafuta ya samaki, alizeti, nazi au dagaa?

Mjumbe_wa_Goba
Wakuu, naomba tulinganishe. Mbwa ni mdogo, kilo 5, miaka 3, mweupe wa manyoya marefu. Mgongoni ana mba, manyoya yamekakamaa na hayang'ai. Viroboto hana. Anakula ugali wa dona na supu ya nyama, asubuhi na jioni. Vinavyopatikana karibu ni mafuta ya samaki ya kapsuli, mafuta ya alizeti, mafuta ya nazi na dagaa wakavu. Kipi kinafaa, kwa kipimo gani, na nisubiri muda gani?

Mizani_Jikoni
Hivyo vinne havifanyi kazi moja, mkuu. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo ndiyo inayoifanya ngozi ishike maji yake. Mafuta ya samaki yana EPA na DHA, yaani mafuta ya omega-3, ambazo hutuliza mwasho na wekundu. Nazi karibu yote ni mafuta yanayoganda. Linoleiki ni kama asilimia 2 tu. Ukimpaka atang'aa, ila ukimlisha unamnenepesha.

Kwa kilo 5, lenga miligramu 300 hadi 400 za EPA na DHA kwa pamoja, kila siku. Hapa wengi wanakosea: kapsuli iliyoandikwa miligramu 1,000 ni uzito wa mafuta yote. Ile ya kawaida ina EPA 180 na DHA 120, yaani 300. Basi kapsuli moja inatosha. Itoboe, ikamulie kwenye chakula kilichopoa. Siku nne za kwanza mpe robo yake, kisha panda taratibu. Ukianza na nzima ataharisha, halafu mafuta ndiyo yatalaumiwa. Ikinuka kama rangi ya ukutani, tupa.

Mafuta ya ini la samaki, yale wanayopewa watoto, usiguse. Yana vitamini A na D nyingi, na kwenye mwili wa kilo 5 kuzidisha ni rahisi mno.

Omena_Kisumu
Dagaa (huku omena) wahesabu kama protini, usiwahesabu kama mafuta ya samaki. Wakianikwa juani kwa siku nzima, mafuta yao yanaharibika. Chambua, loweka kwenye maji moto dakika 15, mwaga maji na mchanga, kisha chemsha dakika 10 bila chumvi. Usimpe wabichi: baadhi ya samaki wa maji baridi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokiua.

Kama kapsuli ni ghali, tafuta sardini za kopo za maji. Gramu 30 hivi zinatoa EPA na DHA karibu sawa na kapsuli moja. Zile za mchuzi wa nyanya achana nazo: chumvi, pilipili, na mara nyingi kitunguu, ambacho huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa.

PumbaSiNyama
Mnabishana kuhusu mafuta wakati tatizo liko kwenye sufuria. Supu si nyama. Unywele karibu wote ni protini, na huyu anapewa maji yenye ladha ya protini. Halafu dona: pumba yake ina faiteti, inayokamata zinki, madini ambayo ngozi inayahitaji, kabla haijaingia mwilini. Kapsuli hata tatu hazitaziba pengo hilo.

Kwa siku, mgawie mara mbili: gramu 80 za nyama au kuku aliyepikwa, bila mifupa; gramu 100 hadi 120 za wali au ugali wa sembe; robo kijiko cha chai cha unga laini wa maganda ya mayai kwa ajili ya kalsiamu. Usizidishe, maana kalsiamu nyingi nayo huzuia zinki. Mara mbili kwa wiki weka gramu 10 za ini badala ya kiasi hicho cha nyama. Yai liwe la kuchemsha, nusu tu. Ute mbichi hufunga bayotini, vitamini ya ngozi na manyoya.

Ukiona magamba magumu kuzunguka macho, mdomo au kwenye nyayo, shuku zinki. Usimpe vidonge vya zinki kwa kukisia, kipimo chake akupe daktari wa mifugo.

Chakula kikavu cha dukani nacho ni sawa kama kimeandikwa ni kamili kwa mbwa wazima na mafuta ni asilimia 12 hadi 15. Kiwe kwenye mfuko uliofungwa. Cha kupimiwa kutoka gunia lililo wazi, mafuta yake yameshachacha.

Mjumbe_wa_Goba
Nimekupata. Alizeti sasa, kijiko kizima?

Mizani_Jikoni
Nusu kijiko cha chai kwa siku. Kijiko kizima ni kama kalori 40, na mbwa huyo anahitaji takriban 350 kwa siku. Punguza wali kidogo kufidia. Mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia hayafai. Akitapika na kukunja mgongo kwa maumivu ya tumbo, acha mafuta yote, mpeleke kwa daktari. Baadhi ya mbwa wadogo huugua kongosho kwa urahisi.

Badilisha sufuria kwanza, mafuta yafuate baada ya wiki mbili, ndipo utajua nini kimesaidia. Toa hukumu baada ya wiki 8, si kabla.

Omena_Kisumu
Kabla ya yote, mchane juu ya karatasi nyeusi na uitazame kwa dakika moja. Mba ikianza kutembea, huo ni utitiri.