Tupeane uzoefu: oili ya sintetiki kwa gari za Ulaya, umetulia na ipi?

Wakuu, heshima kwenu. Nina Passat ya dizeli, injini ya 1.9 ya PD (kila silinda ina pampu na injekta yake vikiwa kitu kimoja). Miaka mitatu kila nikimwaga oili naweka yoyote niliyoikuta, mradi kopo limeandikwa sintetiki na 5W-30. Siku fundi alipofungua kava la vali aliniambia nipitishe kidole juu ya kamshafti (shafti yenye nundu za kusukuma vali). Nundu mbili zilikuwa zimelika, kingo zinakata kama wembe. Kumbe kwenye PD kamshafti ndiyo inayokandamiza injekta, presha inafika baa 2,000, ndiyo maana inataka oili yenye idhini ya VW 505 01, kiwango cha Volkswagen wenyewe. 5W-30 ni habari ya unene tu. Wenye gari hizi, ninyi mmefikaje kwenye oili moja?

Dereva_Mrefu: Pole sana mkuu. Mimi ni BMW ya dizeli yenye chujio la masizi. Niliweka oili nzuri kabisa, ila ya kiwango cha BMW cha Longlife-01, nikiamini ghali ndiyo bora. Gari yangu ilitakiwa Longlife-04, yenye majivu kidogo. Masizi huungua ukiipeleka gari safari ndefu, majivu hayaungui, yanabaki humo humo. Chujio likaziba, gari ikakosa nguvu mlimani.

MamaBenzi: Natumia yenye idhini ya Mercedes, MB 229.5, kwenye Mercedes ya petroli, chapa ile ile mwaka wa sita. Naandika kwenye daftari kila nikichomoa kijiti cha kupimia oili. Kawaida inapungua kama robo lita kati ya sevisi na sevisi. Safari moja ikapungua karibu lita nzima. Kwa kuwa oili haikubadilika, sikuwa na wa kumsingizia, nikajua ni injini. Ilikuwa gasketi ya kava la vali, inavuja nyuma, mahali macho hayafiki. Ningekuwa nachanganya chapa ningesema "labda hii ni nyepesi" nikaendelea kuendesha. Jamani, hilo ndilo linalonifanya nisihame.

Kijana_wa_Golf: VW 504 00/507 00 hapa. Ratiba ya longlife (ya kukaa na oili muda mrefu) inaruhusu hadi km 30,000 lakini mimi namwaga kwenye 10,000, gari yangu ni ya safari fupi fupi na foleni.

Dereva_Mrefu: Nyongeza. Geuza kopo usome nyuma. "Imeidhinishwa" na "inafaa kwa" ni vitu viwili. Ya kwanza mtengenezaji wa gari ameipima na kuikubali. Ya pili ni maneno ya muuza oili mwenyewe.

Mwanzisha mada: Asante mkuu, nimetoka kuliangalia kopo langu sasa hivi, liko kwenye buti. Limeandikwa "inafaa kwa 505 01". Bado halijafunguliwa, kesho nalirudisha. MamaBenzi, daftari lako unaandika na kilomita au tarehe tu?

MamaBenzi: Vyote viwili, na kama injini ilikuwa baridi au ya moto.