Mwanangu aliumia kichwa, sasa kila kitu anakiita "maji". Maneno yatarudi?

MamaChiriku: Wakuu, naombeni ushauri. Binti yangu ana miaka 6. Wiki saba zilizopita alianguka kutoka juu ya mti, akapasuliwa kutoa damu iliyovilia upande wa kushoto wa ubongo. Alipozinduka alikaa siku kumi bila kutoa hata sauti. Sasa ana "mama", "hapana" na "maji". Kiatu ni maji, mpira ni maji. Akikosea anajua, anapiga kitanda kwa hasira. Na huyu alikuwa chiriku! Daktari anasema tuwe na subira. Bibi yake anamnyima kitu mpaka alitamke. Ni sawa?

Mzazi_mwenzio: Pole sana dada. Watoto hupona haraka. Wangu alirudisha maneno yote ndani ya miezi mitatu. Usiwe na wasiwasi.

NatibuUsemi: Pole mama. Kwanza, anaelewa? Mwambie alete kiatu kilicho chini ya kiti, bila kumwonyesha kwa kidole wala macho. Kuelewa mara nyingi hurudi kabla ya kusema. Hiyo hasira ya kujua amekosea, mimi naipenda: maana yake neno analitafuta. Hii yaweza kuwa afasia, yaani lugha yenyewe imeguswa. Disathria ni kitu kingine: neno ni lilelile, ila linaburuzwa kwa sababu misuli ya ulimi na midomo ni dhaifu. Mtaalamu wa tiba ya usemi ndiye wa kutofautisha, maana mazoezi yake si yaleyale. Apimwe na masikio pia, pigo la kichwa huweza kuharibu usikivu.

Bibi aache, kwa heshima zote. Neno haliji kwa kubanwa. Amshikie vitu viwili, aulize "mpira au kiatu?", kisha anyamaze, ahesabu kumi moyoni. Mtoto akionyesha kwa kidole, apewe, na bibi ndiye alitaje neno. Ishara na picha hazimfanyi mvivu wa kusema. Na mazoezi yawe mafupi, ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi.

MamaChiriku: Kiatu kaleta! Nikitoa maagizo mawili pamoja, anafanya la kwanza tu. Ila kuna kituko: tukiimba wimbo wa kuhesabu anafika saba bila kukwama. Nikimuuliza ana miaka mingapi, "maji".

NatibuUsemi: Si kituko. Nyimbo, hesabu na siku za juma ni maneno yaliyokaririwa, hutoka yenyewe hata pale mtu anaposhindwa kuomba kikombe. Msimwambie "kumbe unaweza, unafanya makusudi". Imbeni, mkomee kabla ya neno la mwisho, amalizie yeye.

BabaWaWatatu: Nampinga kidogo Mzazi_mwenzio. Wangu aliumia akiwa na miaka 5, na mwaka uliofuata mgeni asingejua. Tukaacha kliniki. Alipofika darasa la nne, anasoma aya vizuri, ukimwambia aeleze ni "kile kitu, yule nani" mpaka mwisho. Mwalimu alimwita mzembe muda mrefu, na sisi tukaamini, kabla hatujakumbuka ile ajali. Mama, tunza karatasi za hospitali, na kila mwalimu mpya aambiwe. Usisubiri afeli.

Mzazi_mwenzio: Nimekuelewa mkuu. Wangu bado yuko chekechea.

NatibuUsemi: Baba kasema kweli. La mwisho: maneno yaliyokwisha kurudi yakianza kupotea, au akapata degedege, kutapika mfululizo au usingizi usio wa kawaida, ni hospitali hapohapo, msingoje siku ya kliniki.

MamaChiriku: Asanteni. Nimemsomea bibi haya yote, akanuna. Jioni nikamkuta kashika mpira na kiatu, kimya, midomo ikihesabu. Mtoto katazama weee, kisha: "mpi". Kapewa mpira. Kesho asubuhi tunapeleka masikio.