Acheni kuwacheka vijana kwa Kiingereza kibovu, waliowafikisha hapa tunawajua

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Juzi kwenye grupu moja la WhatsApp mtu karusha barua ya kuomba kazi ya binti aliyemaliza chuo. Kaipiga picha yote, jina la binti linasomeka, namba ya simu inasomeka. Kosa la binti ni kwamba alianza na "I am writing to applied for the post", badala ya "to apply". Basi kuanzia asubuhi mpaka jioni watu wazima, wengine wana vyeo vyao, wakawa kazi yao ni hiyo barua. Mmoja anauliza chuo gani kilimpa digrii. Mwingine anasema vijana wa siku hizi wavivu, kutwa wapo TikTok. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ninachotaka tuulizane humu: huyu binti nani alimfundisha Kiingereza, lini, na kwa namna gani?

Hoja yangu ni hii. Sarufi ya Kiingereza nchi hii ya Tanzania haifundishwi. Watoto wanafundishwa fizikia, jiografia na historia kwa Kiingereza, halafu inachukuliwa kwamba sarufi itawaingia yenyewe humo humo. Wanaoamini hivyo ndio wenye mamlaka ya kupanga, wameambiwa ukweli tangu miaka ya themanini, na wameendelea. Hao ndio wa kuulizwa, siyo binti wa watu.

Tuanzie shule ya msingi. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na mimi sina ugomvi na hilo hata kidogo. Kiingereza kipo kama somo. Mwaka 2015 ulipoingia mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kikasogezwa mpaka darasa la tatu, mtaala mpya ulioanza 2024 ukakirudisha la kwanza. Kinasogezwa, kinarudishwa, lakini anayesimama mbele ya watoto ni mwalimu yule yule. Na huyo mwalimu tumzungumzie bila kumdhalilisha, maana naye kapita humo humo. Walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, waliochukuliwa miaka ya sabini wengi wao walikuwa wamemaliza darasa la saba tu. Kwa miaka mingi vyuo vya ualimu wa daraja la tatu A vilipokea waliopata divisheni ya nne, ya chini kabisa ya kufaulu, kidato cha nne. Zilipoibuka shule za kata, yaani sekondari za serikali za kila kata, vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya kama mwezi mmoja wakakabidhiwa madarasa, hao tukawaita voda fasta. Katika yote hayo, nani aliwahi kuuliza kama huyu tunayempa Kiingereza akifundishe, mwenyewe anakijua? Mwalimu wa msingi anapangiwa vipindi kulingana na upungufu uliopo. Leo hesabu, kesho sayansi, na Kiingereza kikikosa mtu anapewa hicho hicho pia.

Sasa msije mkasema ni shule za serikali tu. Mtoto wa dada yangu anasoma shule inayojiita English medium, ada yenyewe dada anaikopa kikoba. Nilifungua daftari lake la Kiingereza nikakaa kimya muda mrefu. Swali limenakiliwa kutoka ubaoni, maana yake ni mwalimu ndiye aliyeliandika: "Why did you came late?" Mtoto kajibu: "I did not woke up early." Tiki nyekundu, kubwa, na pembeni pameandikwa "Good". Ukurasa mzima ni "did went", "did ate", "did not came", na kila mstari una tiki yake. Siku mtoto huyu akiandika hivyo kwenye barua ya kazi, mtamcheka yeye. Ile kalamu nyekundu hamtaikumbuka.

Na kosa lenyewe linaelezeka, ndiyo maana linaniuma zaidi. Kwenye Kiswahili tunasema aliamka, hakuamka. Mzizi wa kitenzi unabaki ule ule, wakati unaonyeshwa na kiambishi. Kwenye Kiingereza kitenzi chenyewe ndicho kinachobadilika, lakini "did" ikishatangulia imemaliza kazi ya kuonyesha wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la kawaida. Mtoto kakaririshwa kwamba ya jana ni "went", hiyo sehemu ya pili hakuambiwa. Ni vivyo hivyo kwa yule anayemwita baba yake "she". Kwetu a- ni ya mwanamume na mwanamke, hajakosa akili, hajaonyeshwa tofauti. Ni hivyo hivyo "discuss about", maana sisi tunajadili kuhusu jambo. Mwalimu aliyesomea lugha anayajua makosa haya yanatoka wapi, na angeyashughulikia mapema kwa kulinganisha na Kiswahili ambacho mtoto anakijua tayari.

Lakini pale shuleni kwa mtoto wa dada yangu Kiswahili ni kosa la jinai. Ukutani wameandika watoto wasikizungumze, na anayebambwa anavishwa kibao shingoni anazunguka nacho mpaka ambambe mwenzake. Matokeo yake ni watoto wanaokariri sentensi chache za kujinusuru na kibao, wakiishiwa wananyamaza. Mwenye shule anakusanya ada kwa jina la Kiingereza, wakati walimu wake amewalipa kidogo kuliko hata wa serikali na hajawahi kuwapima. Huyo naye ni mhusika, na mkaguzi anayemsainia kila mwaka ni mhusika.

Turudi kwa mtoto wa shule ya kata. Kasoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kakifanyia mtihani wa darasa la saba kwa kiasi kikubwa kwa kuchagua herufi. Mtoto anaweza kufaulu hivyo bila kuandika aya moja ya kwake. Januari anaingia kidato cha kwanza, anapewa kozi ya wiki chache ya kuzoeshwa lugha, kisha anaambiwa kuanzia sasa usanisinuru ni "photosynthesis" na kila kitu ni hivyo. Mwalimu wa bailojia, ambaye anawapenda wanafunzi wake na anataka waelewe, anafafanua kwa Kiswahili. Halafu anageuka ubaoni anaandika notisi kwa Kiingereza, watoto wananakili, mtihani unakuja kwa Kiingereza, watoto wanamwaga walichokariri. Zile notisi nyingine zimenakiliwa na vizazi vya wanafunzi mpaka makosa yake yamekuwa sehemu ya somo. Mwalimu wa bailojia hasahihishi sarufi, siyo kazi yake, na pengine naye hana uhakika. Wa Kiingereza ana wanafunzi wengi kiasi kwamba akiwapa insha hawezi kuzisoma zote, basi anawapa mazoezi ya kujaza nafasi zilizo wazi.

Na mtoto anayethubutu kunyoosha mkono akakosea, darasa zima linaangua kicheko, mwalimu naye anacheka. Kuanzia siku hiyo hanyooshi tena. Mnafahamu vizuri, wengi wenu mlikuwepo. Lugha gani duniani mtu alijifunza kwa kukaa kimya miaka minne?

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka mwaka 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na divisheni sifuri, yaani wamefeli. Taifa likatikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Lugha haikuwa sababu pekee, nakubali. Lakini mtoto asiyeelewa swali linauliza nini utamlaumu kwa lipi?

Wenye nchi hawawezi kusema hawakujua. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu yetu, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Wakakuta kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea masomo kwa Kiingereza ndiyo yaanze. Ndiyo yaanze, na hao walikuwa wanamaliza! Baada ya kukuta hayo wakashauri Kiingereza kiendelee kufundishia, Uingereza ikatoa fedha za mradi wa kukiinua, pendekezo la Makweta likafukiwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka huo alisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Namheshimu sana Mwalimu, na kwamba tunakihitaji Kiingereza nakubali kwa asilimia zote. Ila kukihitaji ni jambo moja, na kukifundisha ni jambo lingine ambalo halikufanyika.

Ikaja sera ya elimu ya 1995, Kiingereza kikabaki palepale. Ikaja sera ya 2014, aliyoizindua Rais Kikwete mwaka 2015, ikasema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Tukashangilia. Vitabu havikuandikwa, mitihani haikubadilishwa. Likaja toleo la 2023 la sera ile ile, likazinduliwa 2025, sekondari ikarudishwa kwenye Kiingereza. Zaidi ya miaka 40 ya kuamua na kuahirisha, na kila mwaka uliopita kuna watoto walikuwa kidato cha kwanza. Yule binti wa barua ni mmoja wao.

Najua majibu yatakayokuja, nayajibu kabisa. Kuna watakaosema Kiswahili ndicho kinachoharibu Kiingereza. Waholanzi wanasoma fizikia kwa Kiholanzi chao, Wafini kwa Kifini, na Kiingereza chao mnakijua. Kwao kinafundishwa kama lugha ya kigeni na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Mtoto mwenye lugha ya kwanza iliyokomaa anajifunza ya pili vizuri zaidi, sisi tunamnyang'anya ya kwanza kabla hatujampa ya pili.

Mtakaosema mitandao, sawa, vifupisho vinaleta uzembe. Lakini aliyewahi kufundishwa "I'm" akiandika "am" anajua anafupisha. Binti yule hakuwa anafupisha kitu.

Na mtakaosema mbona hata Mwingereza anakosea, hilo halinihusu. Mwingereza akichanganya "your" na "you're" hafeli fizikia wala hanyimwi usaili.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba wanaocheka na wanaoamua ni watu wa kundi moja. Wanaketi kwenye usaili, wanamkata kijana kwa sababu ya Kiingereza, kisha wanatoka wanabandika tangazo la ofisi lenye makosa yale yale. Nimesoma matangazo ya ofisi za umma yaliyopigwa mhuri na kusainiwa ambayo mwanafunzi wangu ningemrudishia. Mheshimiwa akikosea jukwaani tunaambiwa cha msingi ni ujumbe. Kijana wa kijijini Nanjilinji akikosea anakuwa kichekesho cha nchi nzima, video inazunguka mwezi mzima.

Ninachodai hakihitaji tume nyingine. Wizara iwapime Kiingereza walimu wote wanaokifundisha, kuanzia msingi, za serikali na za binafsi, na asiyefikia asifukuzwe, asomeshwe kwa gharama ya aliyempa chaki bila kumwandaa. Mtihani wa darasa la saba umtake mtoto aandike, tena aandike sentensi zake mwenyewe, na zisomwe na mtu. Serikali iamue lugha ya kufundishia na isimamie uamuzi wake. Ikisema Kiswahili, vitabu vya fizikia vya Kiswahili viwepo madukani kabla ya Januari. Ikisema Kiingereza, basi kiandaliwe miaka yote saba, siyo kwa kozi ya wiki chache. Na kile kibao cha shingoni kipigwe marufuku kesho asubuhi.

Nanyi waajiri, kama kazi yenyewe ni ya kuhudumia Watanzania dirishani kwa Kiswahili, kwa nini usaili uwe wa Kiingereza? Mnapima nini?

Yule aliyerusha barua namjua kuwa yumo humu jukwaani. Nakuomba uifute kule, umpigie binti, namba unayo, umwombe radhi.

Walimu wa Kiingereza mliomo humu, nataka kuwasikia ninyi kuliko wengine wote. Semeni bila kutaja shule: darasani mna watoto wangapi, insha mnasahihisha mara ngapi kwa muhula, na mara ya mwisho kupelekwa mafunzo kazini ilikuwa mwaka gani. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa vichekesho vya Kiingereza.